Hodi Tatu za Redio Mlangoni

Ijumaa, Aprili 4

Masika yameingia, na kama kila mwaka yameanza kwa kuingia studio. Jumba letu hapa Frere Town linavuja mahali pamoja tu, juu ya kiti changu. Fondo, fundi wetu wa mitambo, amelipaka lami paa hilo mara nyingi, na kila mwaka tone la kwanza linanipata utosini nikiwa katikati ya tanzia. Mimi husogea kidogo nikaendelea kusoma. Marehemu hawalalamiki.

Nisingeanza kuandika kwa sababu ya paa, lakini leo kaja mgeni, na tangu aondoke nafsi yangu haijatulia. Anaitwa Wairimu, binti wa Nairobi, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ametumwa na kampuni moja ya mawasiliano. Kazi yake ni kuzunguka kwenye vituo vidogo vya redio na kuwalipa wenyewe ili warudishe leseni zao.

"Kwa hivyo mwataka kutununua," nikamwambia.

"Hapana, madam. Kituo hatuitaki. Mnabaki na vyombo vyenu, hata jina. Tunataka tu hiyo nafasi yenu ya hewani ikuwe wazi."

"Iwe wazi mtie nini?"

"Kwa sasa hakuna kitu. Ikuwe tu wazi."

Nilikuwa bado naligeuza neno hilo kichwani saa ilipotimia, na sauti ya kaka yangu Khatibu ikatoka kwenye spika: "Hodi! Hodi! Hodi! Hapa ni Redio Mlangoni, Kisauni." Wairimu akageuka kuutazama mlango, akaitika, "Karibu!" Fondo alicheka mpaka akakohoa.

"Mama," akamwambia, "huyo unayemkaribisha tumemzika mwaka juzi."

Binti wa watu hakucheka. Alivaa viatu vyake akaondoka na mwavuli wake, na mpaka anafika chini bado alikuwa anageuka nyuma.

Jumamosi, Aprili 5

Tanzia mbili. Mbuzi amepotea Mtopanga. Kapatikana kabla sijafika kwenye rangi yake.

Jumatano, Aprili 9

Fondo amesema wazi: anataka tuuze. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mtambo kwa fulana kuukuu, akasema hayo kama mtu anayezungumza na mtambo wenyewe.

Niandike mambo yalivyo. Kituo hiki alikianzisha Khatibu. Fondo ndiye fundi mitambo tangu siku ya kwanza, na mimi, Barke, ndiye msomaji wa tanzia. Khatibu alipoona maradhi hayamwachi aliandikisha leseni kwa majina yetu sisi wawili, kwa hivyo bila sahihi zetu zote mbili hakuna kinachoondoka. Ile hodi aliirekodi akiwa mzima. Alisema redio inaingia nyumba za watu, na mtu hodi hupiga tatu, akikosa jibu arudi zake. Watu wameizoea mpaka wanamwitikia. Nimewahi kupita Mwandoni saa ikitimia, nikasikia "karibu" zikitoka dirisha hili na lile, na njiani hapana mtu ila mimi. Alipokuwa hai lilinichekesha jambo hilo.

"Leseni si mali yetu," nikamwambia Fondo. "Ni amana. Tulipewa tuwasemee watu. Utauza vipi kitu cha watu?"

"Amana ina mwenyewe, dada Barke. Nitajie mwenyewe. Mtu mmoja tu anayetusikiliza, nimjue kwa jina."

"Wanaoleta tanzia je?"

"Hao wanaleta. Sikusema wanaoleta, nimesema wanaosikiliza. Siku hizi mtu akifa Bombolulu, Kilifi wanajua kabla hajafumbwa macho. Kila mtu ana simu."

Miguu yake imevimba kwa kuupanda ule mnara, na mkewe Kanze amekwisha rudi Kaloleni anamngoja huko na shamba. Anachotaka ni kupumzika. Sina haki ya kumwita mroho.

Lakini nani atasoma "habari ziwafikie"? Kila tanzia inaishia hapo: habari ziwafikie fulani wa Likoni, fulani wa Kiembeni. Watu wetu wana kanuni ambayo hakuna aliyeiandika. Jina lako likisomwa redioni, umeambiwa. Usipotokea mazikoni, hutaulizwa kama ulisikia. Utaulizwa moyo wako umetengenezwa kwa nini.

Jumatatu, Aprili 14

Kituo cha Likoni kimenyamaza. Hawakuaga. Walikuwa na mtangazaji wa mapishi aliyekuwa akila maneno kuliko chakula, nami nilikuwa namsema kila siku. Leo nimezungusha kibonye mpaka mahali pao nikapata mvumo mtupu.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, nikadhani nasikia hiyo. Nikasogeza sikio. Mvua haimngoji mtu. Mvumo ule ulikuwa unatulia kidogo, kisha unaendelea, kama mtu anayevuta pumzi anataka kusema.

Nimezima.

Jumanne, Aprili 15

Mvua. Tanzia moja. Nimezungusha tena mpaka mahali pa Likoni. Bado anavuta pumzi.

Nimeandika "anavuta". Sitalifuta.

Jumanne, Aprili 22

Nimekutana na Chrispine sokoni Kongowea. Alikuwa na kituo chake Changamwe, karibu na Airport, kila kipindi chake kilikatwa na ndege. Naye amerudisha leseni. Amevaa shati jipya, amekonda.

"Vipi mapumziko?" nikamwuliza.

"Mazuri, mama." Akanyamaza. Nikadhani amemaliza, kumbe ananyamaza katikati ya maneno, anatega sikio, kisha anaendelea. "Redio nyumbani nimeiacha pale pale palipokuwa kituo chetu. Mke wangu anasema nizime. Siwezi kuzima, mama. Utamzimiaje mtu kabla hajasema?"

"Mtu gani, Chrispine?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeropoka. Akauliza bei ya vitunguu.

Ijumaa, Mei 2

Wairimu amerudi. Safari hii amevua viatu na soksi, maana ngazi yetu imegeuka mto. Amesema tarehe tano Juni atakuja na karatasi kwa mara ya mwisho, na kwamba vituo vingi vya huku vimekwisha kubali.

"Madam, hatulazimishi mtu. Mmefanya hii kazi miaka yote bila kupata kitu. Mnapewa ya kupumzika. Sasa hapo mbaya iko wapi?"

Niliutafuta ubaya usoni mwake nikaukosa. Hilo ndilo linaloniudhi. Mwanasiasa akija na bahasha nimtangaze, huyo namjua, nimewafukuza wengi na ndala yangu mkononi. Huyu analipa nisiseme lolote, hata la kumsifu yeye. Sijui nimfukuze kwa neno gani.

Saa ilipotimia, hodi ikapigwa. Nilimwona Wairimu akifunga mdomo kwa nguvu asiitike.

Alhamisi, Mei 8

Mimi na Fondo tumepatana. Yeye ndiye aliyetoa shauri, na kwa kweli ni shauri la haki.

"Hodi ni tatu," alisema. "Basi tuzime siku tatu, tusimwambie mtu. Akitokea mmoja, mmoja tu, akauliza Redio Mlangoni imekwenda wapi, nakula kiapo sitalitaja tena neno la kuuza. Asipotokea, wewe nawe utie sahihi."

Nikakubali. Wallahi, nilikubali kwa sababu nilijua watu watajaa ngazini.

Jumatatu, Mei 12

Fondo ametoa fyuzi ya mtambo, ameitia mfukoni. Tumekaa. Simu kimya, ngazi kimya. Saa zilitimia, na kila ikitimia tulitazama spika.

Jumanne, Mei 13

Asubuhi nikasikia miguu ngazini, nikainuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui limelowa mpaka magotini, anaitwa Wardah, katoka Likoni. Babake, Mzee Talha, amefariki alfajiri. Wanazika baada ya alasiri.

"Wengine tumewapigia simu," akasema. "Yuko shangazi yangu, Bi Mwidani wa Kiembeni. Hana simu, hataki simu. Yeye na redio yenu tu. Yeye na marehemu walizaliwa wawili tu. Mtamsomea?"

"Tutamsomea inshallah," nikasema. Nimesema hivyo kwa watu maisha yangu yote, ulimi ulitangulia.

Alipoondoka nikamwambia Fondo arudishe fyuzi.

"Tukiwasha kwa huyu jaribio limekwisha," akasema. "Na huyu hakuja kuuliza. Kaja kuleta, kama wale wengine. Watamtuma mtu huko Kiembeni, dada. Ndugu yake wa pekee? Hawawezi kutegemea redio."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Saa ya tanzia ilipofika niliketi kwenye kiti changu, nikaivuta maikrofoni isiyokwenda popote, nikasoma yote kwa heshima. Habari zimfikie dadake, Bi Mwidani wa Kiembeni. Tone likanipiga utosini. Fondo alikuwa ametazama ukutani.

Jumatano, Mei 14

Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, Mei 15

Tumewasha tena. Hapana mtu aliyesema karibuni tena, hapana mtu aliyesema mlikuwa wapi. Nimeumia kuliko nilivyofikiri nitaumia. Nimesomea hewa maisha yangu yote, na hewa haikujua kwamba nimeondoka.

Nimemwambia Fondo nitatia sahihi siku ile atakayokuja Wairimu. Yeye amekwenda ofisini kwa kampuni mjini akatia yake leo leo, kisha akarudi akasimama chini ya mnara wake kwenye mvua.

Jumanne, Mei 20

Mvua. Nimezungusha kwa Likoni, nimezungusha kwa Changamwe. Pumzi huku, pumzi huku. Nimejikuta nafikiria pale petu patasikika vipi.

Jumamosi, Mei 24

Wardah amekuja tena. Safari hii kaleta tangazo la shukrani, kama ilivyo desturi baada ya matanga: familia inawashukuru waliokuja, waliopika, waliobeba jeneza. Nikaanza kulipitia.

"Jina la shangazi msilitaje," akasema.

"Shangazi gani?"

"Bi Mwidani. Hakuja kuzika, hakuja kuhani. Khitma tumesoma hayuko. Mwamsomea redioni kuwa ndugu yake kafa, na yeye kakaa Kiembeni ashona kofia! Mimi mlango wake sitaukanyaga tena. Ndugu zangu nao wamesema vivyo hivyo."

Nikamwuliza kama walimtuma mtu kumwambia.

"Tumtume nani, na redio ilisema?" Akanitazama. "Si mulisoma?"

"Nilisoma," nikasema. Ni kweli kwamba nilisoma.

Huko Kiembeni yuko kikongwe ambaye hajui kwamba ndugu yake amezikwa, na jamaa zake wote wamemsusa kwa sababu wanaamini anajua. Nimefanya mimi hayo, kwa kupima kama nina thamani.

Jumapili, Mei 25

Nimekwenda Kiembeni. Anakaa chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya watu, mlango wa bati. Nilipiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ndipo nikasikia, "Nani?"

"Ni Barke, bibi. Shikamoo."

Hakuitika. Nikasikia kiti kikisukumwa. Akafungua mlango kidogo, mzee mwembamba, uzi na sindano mkononi.

"Sauti hiyo naijua. Wewe ndiwe Barke wa tanzia." Uso ulimwisha damu. "Leo umekuja mwenyewe? Nambia, mwanangu. Nani kafa?"

Maneno niliyokuwa nayo tangu Frere Town yalikuwa yamejipanga mdomoni. Nikasema, "Hakuna, bibi. Nimekuja kukutazama tu."

Mungu anisamehe. Alivyofurahi! "Ndoo, ndoo uketi." Akanipa kashata, akanionyesha kofia anayoshona kwa ajili ya Talha. Miguu yake haimfikishi hata barabarani, lakini Talha huja kila Idd, hata mvua ikinyesha mawe, kuvaa kofia yake mpya hapo hapo kitandani. Viua vya uzi kwenye kofia vilikuwa vidogo kama punje za ufuta. Nikasema ni nzuri. Nikala kashata.

Redio yake iko juu ya sanduku, imefunikwa kitambaa. Nikajikaza nikamwuliza, kwa mbali, kama mwezi huu redio imemsumbua.

"Haijanisumbua. Tena mwezi huu yalikuja mambo ya ajabu. Siku tatu hakufa mtu."

"Vipi?"

"Hakufa mtu, wallahi! Nangoja tanzia asubuhi, hapana. Nangoja baada ya adhuhuri, hapana. Vipindi navyo hapana, yavuma tu. N'kasema leo Mungu kawapumzisha waja wake, na Barke naye kapumzika. N'kashukuru. Hapana kitu ila Khatibu, na hodi yake."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Khatibu alipiga hodi siku hizo?"

"Kila saa. Lakini ajabu, alipiga moja tu. Hodi, kisha kimya. Na sauti haikutoka pale." Akaonyesha redio kwa sindano, kisha akaielekeza sindano mlangoni. "N'kamwitikia karibu, kama siku zote. Hakuingia, lakini hakuondoka; n'limsikia akivuta pumzi."

Saa ikatimia wakati huo huo. Kaka yangu akapiga hodi tatu kutoka juu ya sanduku na Bi Mwidani akaitika, "Karibu, baba," huku anakata uzi kwa meno. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, sikumbuki nilisimama lini.

Jumatatu, Mei 26

Nimemweleza Fondo yote. Ya Talha yalimwinamisha kichwa. Ya hodi moja aliyapinga: rekodi ile ni kipande kimoja, haiwezi kutoa moja ikaacha mbili. Nikamwuliza, na fyuzi je?

"Fyuzi ililala mfukoni mwangu, dada." Akajipapasa mfuko kana kwamba bado imo. "Bibi kazoea. Masikio ya mtu mzima husikia yaliyozoea."

"Yangesikia tatu basi. Tatu ndiyo aliyozoea."

Baadaye nilimwona amefungua mtambo wote sakafuni, anatazama ndani.

Jumatano, Mei 28

Radi. Tanzia tatu. Nimezisoma polepole, kila jina.

Jumamosi, Mei 31

Nimevuka Likoni nikamwambia Wardah ukweli, mbele ya jamaa zake. Sikuficha kitu, si fyuzi, si maikrofoni iliyokufa. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nayastahili. Wardah alijifunika uso kwa ushungi akasema, "Tumemkata kwa ulimi shangazi yangu. Kila nyumba tumemsema." Akalia kwa sauti kuliko alivyolia alipoleta tanzia.

Jumapili, Juni 1

Tumekwenda Kiembeni wawili. Bi Mwidani alifurahi kumwona Wardah, akamwuliza babake hajambo. Wardah akapiga magoti, akamshika mikono, akamwambia.

Bi Mwidani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Nani kakwambia maneno hayo, Wardah? Talha hakufa. Redio haikusema."

"Shangazi, mimi nilimwosha—"

"Redio haikusema. Mimi nasikiliza tangu kuamka. Babangu kafa, redio ikasema. Mume wangu kafa, redio ikasema, na huyu Barke ndiye alosoma. Leo ndugu yangu afe, isiseme?" Akanigeukia. "Wewe n'lipokuuliza, si ulinambia hapana alokufa?"

Sikuwa na pa kuutia uso wangu. Akarudi kwenye kofia yake. Wardah akabaki amepiga magoti, na mvua ikapiga bati mpaka hatukusikiana tena. Tulipoondoka alituambia tumwambie Talha asichelewe Idd.

Jumanne, Juni 3

Tumekubaliana, mimi na Wardah. Tarehe tano, saa ya tanzia, atakaa na shangazi yake.

Alhamisi, Juni 5

Wairimu alifika mapema, karatasi zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe. Sahihi ya Fondo ilikuwa pale, herufi zake kubwa za mtu wa shule ya zamani. Chini yake palikuwa na nafasi yangu, nyeupe. Nikamwambia aketi, nina tanzia moja kwanza.

Huko Kiembeni Wardah alikuwa ameketi kitandani, mkono wa shangazi yake mkononi mwake. Khatibu akapiga hodi tatu. Nikawasha maikrofoni.

Nilisema jina langu. Nilisema kwamba mwezi uliopita tuliizima redio hii siku tatu kwa makusudi, kupima kama kuna anayetusikiliza, na kwamba katika siku hizo tanzia ya mtu ililetwa kwetu ikiwa amana nasi hatukuifikisha. Sauti ilinitoroka hapo. Nikaitafuta nikaipata. Nikasoma: Mzee Talha wa Likoni, aliyefariki alfajiri ya tarehe kumi na tatu Mei, akazikwa siku hiyo hiyo. Jamaa zake wanasema dadake hakuwa na kosa lolote. Habari zimfikie Bi Mwidani wa Kiembeni. Habari zimfikie Bi Mwidani wa Kiembeni. Habari zimfikie Bi Mwidani.

Mara tatu. Haikuwa kwenye karatasi.

Nilipozima, Fondo alikuwa amesimama mlangoni. "Uliniambia nikutajie mmoja," nikamwambia. "Nimekutajia."

"Tulisema mmoja atakayeuliza. Huyu hakuuliza."

"Hakuuliza kwa sababu alidhani hakufa mtu. Kunyamaza kwetu kulimdanganya, Fondo, na kulisema uongo mzuri kuliko ukweli wowote nilioleta mimi."

Akakaa kitako juu ya sanduku la vifaa, akajisugua magoti. Nilimhurumia sana. Mbele yake lilikuwa shamba la Kaloleni, na mimi ndiye niliyekuwa namfungia njia. Hatimaye alimwomba Wairimu karatasi, akaitazama sahihi yake, akaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia mfuko ule ule wa fyuzi.

"Nitamfundisha kijana mmoja kupanda mnara," akaniambia. "Masika yakiisha nakwenda zangu. Ukimwangusha huyo kijana, juu yako."

Nikamwambia Wairimu sitatia sahihi. Hakubishana. Alikuwa amejikunja kwenye kiti, mwavuli mapajani.

"Nyinyi ndio wa mwisho huku," akasema. "Wengine wote wamesign." Akasita. "Madam, vile vituo vingine, mimi huzisikiliza kwa gari, zile zimefungwa. Sijui kwa nini nasikiliza. Wewe huzisikiliza?"

"Siku hizi hapana," nikasema. "Nawe uache."

Jumamosi, Juni 7. Idd

Mvua imeacha. Nimekwenda Kiembeni na sahani ya biriani. Wardah na ndugu zake wamejaa uani, viatu vimeziba mlango, watoto wanapigana kwa mito. Bi Mwidani ameketi kitandani mwake, macho mekundu, lakini ametulia. Ile kofia imewekwa juu ya redio. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alinishika mkono kwa muda, hakusema amenisamehe wala hakunifukuza. Nimeridhika na hilo.

Saa ikatimia. "Hodi! Hodi! Hodi!" Nyumba nzima ikaitika, watoto wakipiga kelele kushindana. Bi Mwidani aliitika mwisho, taratibu, kisha akanivuta nikainama.

"Huyu ndiye Khatibu," akanong'ona. "Nimesikia juzi akipiga tatu, na leo tatu. Huyu namjua. Yule alopiga moja, siku zile mlipozima, hakuwa yeye."

"Alikuwa nani, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Nami n'limkaribisha."

Niliaga kabla ya alasiri, jua linawaka, watu wote bado wamo. Nilipofika kichochoroni nikamsikia akimwambia Wardah aufunge mlango, kisha komeo likapita. Mwenye nyumba, aliyekuwa anaanika nguo, akashangaa. Alisema mlango ule haujawahi kutiwa komeo mchana.